Pini ya Tano

Mchungaji, balozi wetu wa shina, wazee wa kanisa, majirani wa Ilomba, wenzake baba wa jeshini mliokuja na kofia zenu, na wageni wetu mliotoka Iringa na baridi hii, mimi naitwa Yunisi Charles Nkuba, mtoto wa kwanza wa marehemu. Kwa desturi karatasi hii ingesomwa na mdogo wangu Seni, kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume, lakini Seni amekataa kuisoma, na sababu ya kukataa mtaisikia wenyewe. Naomba wenye simu wazizime, na wale walioko nyuma kule kwenye chai wasogee huku, maana nitasoma mara moja tu.

Maneno haya aliyasema baba kwa mdomo wake, mwezi Mei mwaka huu wa 2025, mimi nikiandika kwenye daftari la shule, kwa kuwa ni mwalimu na madaftari hayakosekani nyumbani kwangu, na aliniagiza nisipunguze hata mstari. Alisema, Yunisi, ukipunguza hujanizika, umenifukia tu. Kwa hiyo wale mliozoea kusikia kwamba marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu na mcha Mungu, mtavumilia, hayo nayo yamo, lakini si hayo peke yake.

Charles Nkuba alizaliwa mwaka 1954 katika wilaya ya Maswa, akiwa mtoto wa tatu wa babu yetu mzee Nkuba na bibi yetu Minza. Tarehe aliyokuwa akiiandika kwenye fomu zote, yaani tarehe 1 Julai, alipewa na karani wa jeshi, kwa sababu alichokumbuka bibi Minza ni kwamba ulikuwa msimu wa kuvuna pamba, na karani akasema pamba si tarehe. Alianza darasa la kwanza mwaka 1962 na kumaliza la saba mwaka 1968, kisha akaingia shule ya ufundi ya misheni kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, akatoka na cheti cha ufundi wa mitambo, jambo ambalo babu hakulifurahia hata kidogo, kwani alitaka mtu wa kuchunga na si mtu wa kunusa mafuta ya injini. Mwaka 1976 babu alihamisha ng'ombe na familia kuja huku bonde la Usangu kutafuta malisho, lakini baba wakati huo hakuwepo, alikuwa ameshajiunga na jeshi tangu Machi 1973, na alikuwa nchini China kwa miezi kumi na minane akisomea ndege za kivita. Huko alijifunza kula kwa vijiti na kuhesabu kwa Kichina mpaka mia moja, na ndiyo hesabu aliyokuwa akitubembelezea tukiwa wadogo, tukidhani ni wimbo wa Kisukuma.

Vita ya Kagera ilipoanza, mwishoni mwa mwaka 1978, baba alikuwa koplo, fundi katika kikosi cha ndege za kivita, zile ndogo za rubani mmoja, ambazo hupigana angani na vilevile hubeba mabomu ya kudondosha chini, na kikosi hicho kilihamishiwa kwenye kiwanja kimoja cha kanda ya ziwa ambacho hakutaka nikitaje. Watu wakisikia vita hufikiria rubani, baba alikuwa akisema, hawafikirii mtu wa chini. Mtu wa chini aliamka saa kumi alfajiri, akavua turubai lililolowa umande, akafungua kikoki kidogo chini ya tangi na kumwaga mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo, akayainua kwenye taa kuangalia kama yameingia maji, akajaza hewa ya rubani, akapanga risasi za mizinga mkandani moja moja, na mabomu wakayasukuma kwa kitoroli kisha wakayainua kwa mabega, wanaume sita kwa bomu moja, kwa sababu mashine ya kuinulia iliharibika wiki ya pili na vipuri havikuja. Saa kumi na mbili na nusu ndege zinaruka, nne kwa pamoja. Baada ya dakika arobaini au hamsini zinarudi, nyeusi kwa moshi, zikinuka baruti, na hapo mafundi walikuwa na dakika thelathini na tano tu za kuzijaza tena mafuta, risasi na mabomu ili ziruke mara ya pili, na alasiri mara ya tatu. Hivyo ndivyo siku zote zilivyokuwa, Jumapili zikiwemo, na baba alisema katika vita nzima hakuwahi kumwona adui hata mmoja, aliona matumbo ya ndege tu.

Walikuwa na desturi zao mbili ambazo lazima nizieleze, vinginevyo hamtanielewa mbele. Ya kwanza ni kwamba kila ndege ilikuwa na fundi wake mmoja, na mafundi walisema ndege ni mali ya fundi, rubani anaiazima tu, na kwa hiyo fundi hali chakula mpaka ndege yake imerudi. Chakula kilikuja alasiri, ndege zikiwa kwenye safari ya tatu, ugali na maharage kwenye sufuria, nao waliweka sahani zao chini ya kivuli cha karakana, wakazifunika, wakakaa wanatazama kaskazini.

Ya pili ni pini. Ndege ikiwa chini, vitu vyake vya hatari hufungwa kwa pini za chuma zenye utepe mwekundu, na ndege zao zilikuwa na pini tano kila moja, mbili za mabomu, mbili za magurudumu, na moja ya kiti cha rubani. Kiti kile kina baruti chini yake, rubani akipata matatizo huvuta kishikio, kiti kikamrusha nje pamoja na mwavuli wake, na pini ya tano iko pale ili baruti isije ikalipuka ndege ikiwa kiwanjani. Kabla ya kuruka fundi huzitoa pini zote tano, husimama mbele ya ndege upande wa kushoto, huinua mkono na kuzionyesha, rubani huhesabu zile tepe akiwa ndani ya kioo, akishafika tano hunyanyua kidole gumba, ndipo anaondoka. Hakuna kuongea, injini zinanguruma na hakuna anayemsikia mwenzake. Ni mkono na kidole gumba, basi.

Ndege ya baba iliazimwa na Luteni Edmund Mfilinge, mzaliwa wa Kalenga, Iringa, aliyekuwa na miaka ishirini na saba. Baba alimpenda mtu huyu, na nitasema wazi kwamba alimpenda kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Edmund alikuwa mtani hasa, kila asubuhi akipanda ngazi alimwambia baba, Msukuma, naazima ng'ombe wako, jioni nitamrudisha kashiba, na baba alimjibu, ukimrudisha na jeraha utalipa wawili. Edmund alikuwa ameoa mwaka mmoja tu nyuma, mke wake aliitwa Apolonia, na mke huyo alikuwa na mimba ya miezi saba.

Siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, mwenzake baba, Silvester, aliamka na malaria, akitetemeka hata hawezi kushika bisibisi, na kwa kuwa hapakuwa na fundi wa akiba, baba alipewa ndege mbili, yake na ya Silvester. Safari ya kwanza na ya pili zilikwenda salama. Safari ya tatu, saa tisa alasiri, amri ilikuja kwamba ziruke haraka kabla mawingu hayajafunga ziwa. Baba alianza na ndege ya Silvester, akatoa pini zote tano, akazionyesha, ikaondoka, kisha badala ya kwenda kuzirudisha kwenye sanduku lake, lililokuwa mwisho wa kiwanja, alizitia mfukoni mwa ovaroli akakimbilia ndege yake. Akamfunga Edmund mikanda, akashuka, akatoa pini za magurudumu na za mabomu, nne, akagusa mfuko wake akasikia chuma, na kichwa chake kikamwambia ile ya kiti ameshaitoa alipokuwa juu. Akachomoa moja mfukoni akaiunganisha na zile nne. Akasimama mbele, kushoto, akainua mkono. Edmund alihesabu tano, na kweli zilikuwa tano, akanyanyua kidole gumba na kutabasamu, akaenda.

Saa kumi kasoro dakika chache, redio ya kiwanjani ilimleta Edmund, amepigwa, ndege inawaka moto nyuma, yuko juu ya ziwa. Wakamwambia aruke. Akasema nimevuta, haitoki. Wakamwambia avute tena. Akasema nimevuta. Baada ya hapo redio ilikaa kimya, na mwenzake aliyekuwa pembeni yake angani akasema ameingia majini. Mafundi wote walikuwa wamesimama karibu na dirisha la chumba cha redio, baba akiwa miongoni mwao, na wenzake waliona anaweka mkono mfukoni, wakadhani anatafuta sigara.

Alizihesabu pini jioni ile. Ndege mbili ni pini kumi. Zilikuwa tisa.

Ndugu zangu, hapa ndipo Seni alipotaka niishie, aliniambia jana mchana mbele ya wajomba, dada, andika alilitumikia taifa kwa uaminifu, tuzike. Simlaumu, ni baba yake pia. Lakini baba mwenyewe ndiye aliyesema kilichofuata, nami ninakisoma. Kabla mkaguzi hajapita, baba alichukua waya wa kuchomelea, akaukata kwa kipimo cha pini, akaupinda kichwa, akaupaka rangi, akachana kitambaa chekundu cha bendera ya kuongozea magari na kukifunga hapo, akaiweka pini hiyo sandukuni, zikawa kumi. Waliochunguza waliamua kwamba risasi za adui ziliharibu kiti, kwa kuwa ndege ilikuwa chini ya maji marefu na hakuna aliyeweza kuiona, na hakuna aliyeulizwa swali lolote. Alfajiri iliyofuata baba aliamka saa kumi, akapewa ndege nyingine na rubani mwingine, akafungua kikoki na kuinua chupa kwenye taa. Sahani yake ya tarehe 14 ilikaa kivulini imefunikwa mpaka siku ya tatu, mtu mwingine akaimwaga.

Vita ilipokwisha baba alipewa nishani kama wenzake wote, nishani ambayo sisi watoto tuliikuta kwenye debe la misumari, na mwaka 1981 aliomba kuondoka jeshini akaruhusiwa, akaja Usangu kwa wazazi. Alikuwa na pini ile ya waya, aliichukua kwenye sanduku siku ya kuondoka. Mwezi Juni 1982 alifunga safari kwenda Kalenga kumweleza mjane wa Edmund ukweli. Alifika mchana, akakuta kaburi nyuma ya nyumba ambalo ndani yake wazee walikuwa wamezika sare na viatu, kwa kuwa mwili haukupatikana, akakuta mtoto wa miaka mitatu, Didas, ambaye baba yake hakumwona, na akamkuta Apolonia, ambaye aliposikia kwamba huyu ni yule Msukuma wa kwenye barua za mume wake, alimwita shemeji, akachinja kuku, akaita majirani waje wamwone. Baba alikula. Alisema alimeza kila tonge akijiambia likishuka hili nitasema, mpaka sahani ikaisha. Akaaga, akatembea mpaka Iringa mjini, akakosa gari, akapanga chumba Kihesa, akakaa siku nne anaogopa kurudi Kalenga na anaona aibu kurudi Usangu, na katika siku hizo nne ndipo alipomwona binti mmoja fundi cherehani, Frida, aliyemshonea kifungo cha koti akamcheka kwamba anatembea kama mtu aliyepoteza kitu njiani. Huyo ndiye mama yetu. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983 katika usharika wa Kilutheri, Kihesa, wakahamia hapa Ilomba, Mungu akawajalia watoto wanne, mimi, Seni, na wadogo zetu wawili waliotangulia wakiwa wachanga. Kwa hiyo sisi tumezaliwa kwa sababu baba alishindwa kusema, na hilo nimelifikiria sana wiki hii.

Hapa Mbeya wengi wenu mlimjua kama fundi wa mashine za kukoboa mpunga na kusaga, kuanzia hapa hadi Ubaruku, fundi wa kukera, ambaye akishafunga mashine yako anaifungua tena aangalie, anaifunga, halafu anageuka njiani kurudi kuangalia mara ya tatu, mpaka mkampa jina la Mzee Rudia. Mlicheka, na yeye alicheka. Nyumbani hakula chakula cha jioni mpaka wote tumeingia ndani, hata Seni alipokuwa kijana wa mizunguko mingi, ugali ulipoa, mama akagomba, baba akakaa ametazama mlango. Na kila mwaka mwezi Juni, mahindi yakishavunwa, alibeba sanduku lake la spana akaenda Kalenga siku nne, kuifungua na kuifunga upya mashine ya kusaga ya Mama Didas, kazi ambayo hakuipokelea hata soda. Alimfundisha Didas ufundi huo tangu kijana huyo ana miaka tisa. Didas alipopata mtoto wake wa kwanza wa kiume, alimwita Charles.

Mama yetu aliziona safari hizo, naye hakuwa mjinga. Mwanamke ambaye mume wake kila Juni anakwenda kwa mjane, hasemi kwa nini, na anarudi hali chakula siku mbili, atafikiria nini? Alimuuliza mwaka 1990, akamuuliza mwaka 1997 mbele ya mchungaji, akamuuliza kwa mara ya mwisho kitandani, Februari 2016, wiki mbili kabla hajafa, na baba mara zote aliinamisha kichwa akasema nisamehe Frida. Alikubali kuitwa mzinzi ili asiitwe muuaji. Mama alizikwa akijua ana mke mwenza Kalenga, na mimi binti yake nilijua hivyo hivyo kwa miaka tisa, nikamsalimia baba yangu kwa mdomo tu. Hili aliponiambia, mwezi Mei, nilifunga daftari nikatoka nje. Niliporudi aliendelea pale pale alipoachia, na la mama sijamsamehe, niseme uongo mbele ya jeneza ili iweje?

Baba alianza kuugua mwaka 2023, akagundulika na saratani ya tezi dume, akatibiwa vizuri, akapata nafuu, na Februari mwaka huu ugonjwa ukarudi ukiwa umeingia mifupani. Mwezi Mei, baada ya kuniandikisha haya yote, alinipa pini ile, imefungwa kwenye leso, na nilimwambia baba, twende Kalenga sasa hivi, nitakodi gari, ukaseme kwa mdomo wako. Alikubali. Tulipanga tarehe 2 Juni, akawa na homa, tukapanga tarehe 16, tukafika mpaka kituo cha mafuta cha Uyole, akaniambia geuza gari, Yunisi, nimeshindwa. Alilia barabarani kama mtoto, na dereva aliongeza sauti ya redio ili asisikie. Wiki ya mwisho alikataa chakula kabisa, tukadhani ni ugonjwa. Alifariki Jumanne, tarehe 8 Julai 2025, saa nne asubuhi, mkono wake mmoja ukiwa juu ya blanketi, vidole vimekunjwa.

Alitaka haya yasomwe hapa, na Mama Apolonia ayasikie hapa, akiwa yeye baba ameshalala na hawezi tena kuinamisha kichwa. Hilo la pili nililikataa. Sikuona haki mwanamke wa miaka sabini na moja asikie habari za kifo cha mume wake chini ya turubai, kati ya watu wasiomjua, huku wapishi wanagonga masufuria. Jumatano nilipanda basi, nikalala Kihesa kwa mama mdogo, na Alhamisi asubuhi nilikuwa Kalenga, nikamkuta nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi, ameshapata taarifa ya msiba na begi lake liko tayari mlangoni. Alinisalimia kwa Kihehe, kamwene mwanangu, akanikumbatia, akamlilia shemeji yake. Nikakaa chini, nikamsomea kutoka kwenye daftari, kurasa zile tu zinazomhusu.

Mikono yake haikuacha kupukuchua. Nilipomaliza aliuliza swali moja, alivuta mara ngapi, nikamwambia mara mbili. Akaingia ndani. Nilikaa pale nimeshika gunzi mkononi, kuku wanakula mahindi, sijui ni muda gani, na Didas akafika na pikipiki, akaniona uso wangu, akaingia ndani kwa mama yake, na aliyetoka kwanza ni Didas, akapita mbele yangu asinisalimie.

Kisha mama alitoka. Alisema, miaka arobaini na mitatu mtu huyo nimempikia. Alisema, angeniambia siku ile ya kwanza ningelia nikamaliza, ningemfukuza, halafu labda angerudi, labda tungeongea, sasa nianze kulia lini mwanangu, na umri huu? Nilimpa ile leso, kama baba alivyoagiza. Aliifungua, akaitazama ile pini ya waya na kitambaa chake kilichofifia, akaifunga tena vizuri na kunirudishia, akasema hii ya uongo mzikeni nayo mwenyewe, ya kweli anayo mume wangu. Kwa hiyo ndugu zangu mliopita kuaga na kuona leso ndogo ya bluu mkononi mwa marehemu, ndiyo hiyo.

Sasa ni shukrani. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia baba miaka miwili hii, hasa sista aliyekuja nyumbani kumchoma sindano za maumivu hata siku za mvua. Tunawashukuru majirani wa Ilomba, kwa kuni, kwa maji, kwa masufuria, na kwa kukaa nasi usiku na mchana. Tunawashukuru mafundi wenzake wa mashine. Tunawashukuru wenzake wa jeshini, na hapa nina ujumbe kwa mzee Silvester, aliyetoka Tukuyu na fimbo yake na sasa ameinama pale mstari wa pili. Mzee wangu, baba alisema nikwambie hivi, malaria si kosa, Silvester asijitwishe, mkono ulioinuliwa ulikuwa wangu. Alisema nisome hilo mara mbili, nami narudia, mkono ulioinuliwa ulikuwa wake.

Tunamshukuru Didas Mfilinge, aliyemwendesha mama yake kilomita zote hizo, na ambaye amesimama kule nje kando ya gari. Kaka, kiti chako kipo, lakini hakuna atakayekulazimisha, na ukitaka kumbadilisha mwanao jina, sisi hatutauliza.

Mwisho ni Mama Apolonia. Jana jioni alipofika nilimuuliza niseme nini juu yake katika karatasi hii, maana watu wazima wa familia walitaka niandike kwamba mjane wa Luteni Edmund amesamehe, ili marehemu aende vizuri. Alinikatalia. Alisema, usisome kwamba nimesamehe, sijui kama nimesamehe, huenda sitasamehe, soma kwamba nimekuja.

Mama Apolonia amekuja. Ndiye yule aliyekaa chini, karibu na jeneza, upande wa kushoto.

Baba, nimesoma yote, sikupunguza. Zilitakiwa kumi na ziko tisa, na sasa kila mtu anajua. Pumzika, kwa amani kiasi hicho tulichoweza kukuletea.